Jiwe Namba Saba Halikaliwi

Nilikwenda kucheka, nikahesabiwa. Ndivyo nilivyoingia kwenye uongozi wa michezo, na mtu asiniletee habari za vipaji.

Ilikuwa Jumamosi, niko kidato cha pili, nimetumwa kupeleka barua ya baba kwenye kikao cha Shirikisho. Tunasema Shirikisho tu, maana jina lake kamili ni refu na limechoka. Kazi yake ni mashindano ya kuvua kwa ndoano: unakaa juu ya jiwe na ufito wako, unapewa saa tatu, unavua, samaki wako wanapimwa, halafu unawarudisha majini wakiwa hai. Ndiyo, unawarudisha. Hapa hapa Mwanza, mji ambao hata paka anajua bei ya sangara.

Kikao kilikuwa chumba cha nyuma cha duka la ndoano, Kirumba. Wazee walikuwa kumi. Katiba ilitaka kumi na mmoja. Walikuwa wamekaa tangu asubuhi wanamngoja wa kumi na moja, kama kuku wanaomngoja jogoo aliyeliwa Krismasi. Nikaingia na sketi yangu ya shule.

"Shikamooni."

Mwenyekiti hakuitikia. Alikuwa karani wa bandari kwa miaka mingi, na macho yake yalikuwa bado yanakagua mizigo. "Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia.

"Mtoto wa mwanachama hukalia kadi ya mzazi wake. Ibara ya kumi na mbili. Keti." Nikaketi. Akagonga meza. "Kikao kimetimia. Marahaba."

Kabla ya saa sita nilikuwa Katibu Mkuu. Katibu aliyenitangulia alikuwa amejiuzulu akaenda kununua samaki kwa niaba ya kiwanda kimoja cha minofu, na barua yake ya kuaga ilinuka hivyo hivyo. Mwenyekiti aliuliza nani ana mwandiko mzuri. Wazee kumi wakatazama viganja vyao. Mwalimu mmoja, ambaye kwa bahati mbaya yangu hunifundisha hesabu, akasema, "Huyu mwandiko anao. Kinachoandikwa ndicho kina matatizo." Wakacheka, wakapiga kura, nikapewa daftari, muhuri, na kidau cha wino kilichokauka.

Zamani, kabla sijaota meno ya mbele, Shirikisho lilikuwa na vilabu tisa. Kila mahali penye king'ora na mshahara wa mwisho wa mwezi palikuwa na klabu: kiwanda cha nguo cha Nyakato alikokuwa baba, reli, posta, pamba, bandari, walimu na wengineo. Kisha soko likawa huria. Mashirika yakaanza kupunguza watu, na aliyepunguzwa kazini alipunguzwa na kwenye jiwe. Nilipokabidhiwa daftari tulikuwa na vilabu viwili na nusu: bandari, watu watano, wenye maduka, watu wanne, na nusu ni mwalimu wangu, ambaye ndiye klabu nzima ya walimu. Katiba inataka hoja ya klabu iungwe mkono na mwanachama wa klabu hiyo hiyo. Basi mwalimu alikuwa anatoa hoja, anahamia kiti cha pili, anasema "naunga mkono," kisha anarudi kiti cha kwanza kusema asante. Nimeyaona haya kwa macho yangu, na Jumatatu yake mtu huyo huyo akanichapa kwa kutokuwa makini.

Katiba yenyewe ilinakiliwa neno kwa neno kutoka kwa wavuvi wa mashindano wa pwani. Aliyenakili alisahau kwamba sisi hatuna bahari. Ibara ya nne inakataza kuanza mashindano maji yakiwa yamekupwa. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya firimbi, Mwenyekiti anatembea mpaka ukingoni, anavaa miwani, analitazama ziwa, anarudi na kutangaza, "Maji hayajakupwa." Watu wanapiga makofi. Mimi nilikuwa nauma kola ya shati nisicheke.

Ila ibara ya tisa haikunichekesha, na ndiyo iliyokuwa inatumaliza. Ilisema mwanachama aliye safarini baharini atalindiwa nafasi yake mpaka atakaporudi, mradi kila mwaka alete udhuru wa maandishi. Huko pwani nadhani ilikuwa na maana: mtu anapanda meli nusu mwaka, anarudi, anakuta nafasi yake. Sisi watu wetu walikuwa wamepanda malori kwenda Geita, Kahama, au kurudi kulima Magu. Mwenyekiti hakuona tofauti. "Safari ni safari," alisema. Katika daftari, mbele ya kila asiyekuwepo, katibu aliandika: yuko safarini baharini. Baba yangu alikuwa chini ya ardhi Geita anachimba dhahabu, na mimi mwanawe niliandika kwa mkono wangu kwamba yuko baharini.

Sasa sikiliza namna wazee wazima wanavyoweza kuua kitu wanachokipenda. Mawe yetu yako ng'ambo ya Kirumba, yale majabali yanayoingia majini, thelathini, yamepigwa namba kwa rangi nyeupe. Mawe kumi na tano ya kwanza yana maji ya kina na sato wanaokuja wenyewe. Mengine yanatazama ghuba iliyozibwa na magugu maji, na humo utapata samaki gogogo mwenye miiba ya kukuchoma mkono, na kiatu cha mtu. Kila mwaka namba zinaingia mfukoni, watu wanachota. Lakini kuna desturi: ukishinda ukiwa juu ya jiwe fulani, linakuwa lako mpaka mtu akushinde. Washindi walikuwa wale wa zamani, na wa zamani ndio waliopunguzwa wakaondoka. Wakaondoka na mawe mazuri yote, na mtu asiyekuwepo hashindwi.

Kwa hiyo siku ya mashindano, waliobaki walijibana upande wa magugu wakivua takataka, na mawe bora ya ziwa zima yakikaa matupu, yamepigwa jua, sato wanacheza chini yake bila wasiwasi. Mgeni akija kutaka kujiunga, anachotewa namba ishirini na nane. Anakaa saa tatu na magugu. Hatumwoni tena.

La saba lilikuwa la baba.

Niseme kidogo kuhusu mzee huyu, kwa sababu nyumbani siku hizi hatumsemi. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia, na mitambo ilimla sikio moja, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya mtu anayeita basi. Wavuvi wengine walinyamaza ili samaki wasikimbie. Yeye alikaa juu ya la saba akihutubia: mara bei ya sukari, mara mpira wa Kirumba, mara mimi na alama zangu za kemia, mawe yote yasikie. Na samaki walikuja kwake! Mwenyekiti alisema wanakuja kulalamika. Mimi nilikuwa nakaa nyuma juu ya mchanga namwigiza, mdomo wazi, mikono juu, watu wanavunjika mbavu, na yeye akigeuka ananikuta nimetulia kama malaika. Alijua. Alikuwa anageuka taratibu makusudi, ili anipe muda wa kutulia.

Barua niliyoipeleka siku ile ya kikao ilikuwa yake kweli, imeletwa na dereva wa lori. Mistari mitatu ya udhuru kwa Shirikisho, na ukurasa mzima kwa mama. Mama aliusoma mpaka ukakatika mikunjo.

Mwaka uliofuata hakuna lori lililoleta kitu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi na barua za udhuru zilitakiwa kufika Ijumaa. Wiki nzima nikitoka shule nilipita stendi ya malori, nikiwaamkia madereva mpaka wakanizoea. "Leo?" nikiuliza. "Leo hamna, mwanangu." Mmoja akaniambia kule watu wanahama shimo hadi shimo, leo hapa kesho kule, kumpata mtu ni bahati. Alisema akitazama tairi.

Ijumaa jioni nikakaa mezani, nikachukua karatasi yenye mistari, nikaanza kwa utani. Kumwigiza baba ndiyo kazi niliyoisomea. *Salamu sana. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kuomba udhuru wa kutofika mkutanoni.* Hapo ningesimama, jiwe lingelindwa, mambo yamekwisha. Lakini mkono ulikuwa tayari unakwenda, nikauacha uende. *Ila siku ya mashindano msiniwekee udhuru, nitakuja mwenyewe kukaa kwenye jiwe langu. Waambieni samaki.*

Sikuwa na sababu ya maana. Nilitaka tu kuyasikia maneno hayo yakisomwa na mtu mwingine, ili nisiwe mimi niliyeyasema.

Yakasomwa. Mwenyekiti aliyasoma amesimama, na alipofika kwenye "waambieni samaki" akavua miwani. Mwenye duka, mhazini wetu, Mhindi aliyezaliwa Mwanza kwa baba aliyezaliwa Mwanza, anayekijua Kisukuma kuliko mimi na hunitukana kwacho, akapiga paja: "Ni yeye! Ni yeye kabisa, namsikia!" Nami nilimsikia. Kwa dakika nzima baba alikuwa mle chumbani, kati ya makopo ya chubwi za risasi na vifundo vya mishipi.

Kisha yakaja mengineyo.

La kwanza katika mengineyo ilikuwa barua ya ofisi ya michezo. Ilisema kwa adabu kwamba shirikisho ni vilabu vitatu au zaidi. Chini ya hapo ni marafiki. Mpaka siku ya mashindano, wiki mbili kutoka pale, tuonyeshe klabu ya tatu iliyo kamili, la sivyo tunafutwa daftarini. La pili alikuwa kijana aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, mkata samaki wa kiwanda cha minofu. Alikuwa amewahi kuja kushindana mara moja, akachota namba ishirini na nane. Siku ile alikuwa ameniuliza, akinyoosha kidole kwenye lile jabali tupu:

"Dada, huyo wa saba kaenda haja?"

"Yuko safarini baharini."

"Bahari gani?"

"Geita."

Alinitazama, akalitazama ziwa, akanitazama tena. "Haya. Akirudi mwambie apunguze chumvi."

Sasa alikuwa amerudi na orodha ya watu kumi na wawili, yeye akiwemo. Klabu nzima, mkononi mwake, kwenye karatasi ya kufungia sabuni.

"Mnataka nini huku?" Mwenyekiti akamuuliza. "Samaki wenu wako kiwandani."

"Mzee, kule nakata sangara elfu, wote wamekufa. Nataka Jumamosi nimwone samaki anayeondoka."

Mwalimu akahamia kiti cha pili bila hata kutoa hoja.

"Tuna sharti moja," kijana akasema. "Mawe yote yaingie mfukoni. Yote thelathini. Hatuwezi kushindana na watu wasiokuwepo."

Nilijua Mwenyekiti atakubali. Alikuwa hana njia nyingine. Akainua karatasi yangu, ile yangu, juu kabisa kama mwamuzi anayeonyesha kadi.

"Mmesikia barua hii? Huyu anarudi. Wiki mbili. Mwaka mzima mnaniambia mzee, hawa hawarudi, gawa mawe. Huyu hapa! Nimpe mtu jiwe lake, aje akute limekaliwa? Na akirudi huyu, watarudi na wa reli, watarudi na wa posta. Hatugawi. Tunangoja."

"Sisi tutangoja mpaka siku ya mashindano," kijana akasema. "Baada ya hapo wenzangu wanataka mpira."

Nikaandika: *Imeamuliwa tungoje.* Mwandiko ulikuwa mzuri.

Bado ningeweza kunyamaza. Wajinga wanaokoka kwa kunyamaza. Lakini Jumatatu Mwenyekiti, kwa furaha yake, akapita Mkuyuni sokoni, kwenye meza ya mama ya nyanya na dagaa, akasema kwa sauti wauza vitunguu wote wasikie: "Shemeji, hongera! Mzee ametuandikia. Anakuja siku ya mashindano."

Nilirudi shule nikamkuta mama amefika nyumbani mapema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, hajavua kitenge cha sokoni.

"Baba yako amewaandikia watu wa samaki?"

"Eh."

"Barua ilikujaje?"

"Kwa dereva."

"Mimi hakuniandikia."

Haikuwa swali. Nikasema labda karatasi ilimwishia. Mama akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoitaka. Kisha akaamka, akafungua sanduku, akatoa ovaroli la kiwandani la baba, akaliloweka.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikaanza kungoja, na nyumba ikingoja ni mbaya kuliko mtu. Mama alishona mto. Akamtuma fundi kuziba bati linalovuja upande anaolala baba. Upande wetu sisi lilikuwa linavuja tangu vuli na hakuna aliyeitwa. Akaacha kukopesha majirani sukari. Jioni moja akaniambia nichukue kalamu nimwandikie baba, nitampa dereva.

"Andika: salamu."

"Salamu."

"Andika: watoto wazima. Huyu mkubwa amekuwa mrefu na mdomo umekuwa mrefu zaidi."

"Hilo niandike?"

"Andika. Andika: nimesikia unakuja. Andika: hukuniambia mimi, lakini nimesikia." Akavunja njiti ya kiberiti vipande vidogo. "Futa hilo la hukuniambia. Andika: nimesikia unakuja. Basi. Atajua."

Nikaandika. Barua isiyo na mahali pa kwenda, ya kujibu barua isiyo na mahali ilipotoka. Mimi ninayecheka msibani, nikamwomba ruhusa niende chooni, nikasimama mle mpaka nzi wakanizoea.

Wiki ya mwisho mama alisema Jumamosi hafungui meza. Hajawahi kwenda kuona mashindano hata mara moja. Kwa muuza dagaa, watu wanaorudisha samaki majini ni wagonjwa wa kusamehewa. Ila safari hii angekuja. Angesimama pale pale penye jiwe lake, ili baba akifika amwone kabla hajaanza kupiga makelele.

Nikaona picha yote: mama na chupa ya chai, mbele ya jiwe tupu, saa tatu nzima. Na Mwenyekiti anamngoja mtu huyo huyo. Na vijana kumi na wawili wanaangalia saa.

Ijumaa mchana nikatoroka kipindi cha hesabu, ambacho mwalimu wake naye alikuwa ameenda kuandaa mizani, nikaenda Mkuyuni. Mama alikuwa anapanga nyanya mafungu ya tano tano.

"Mbona uko huku saa hizi?"

"Ile barua niliandika mimi."

Aliendelea kupanga. Fungu la tano, akaongeza moja, akaiondoa.

"Ipi?"

"Ya baba. Ya kuja. Hakuandika. Hakuna dereva. Mimi."

Akaja mteja, mama wa makamo, akauliza nyanya. Mama akamwambia bei. Yule akataka kupunguziwa. Mama akamjibu kwa utani wake wa kila siku, kwamba nyanya hizi zimesomeshwa, haziendi kwa bei hiyo, yule akacheka, akanunua mafungu mawili, akaaga. Nilisimama pale nikitamani mteja mwingine aje, na mwingine, mpaka usiku.

"Uliandikaje?" mama akasema.

"Nini?"

"Hayo ya kuja. Uliyaandikaje? Sema kama ulivyoandika."

Nikayasema. Sauti ya baba haikutoka, ilitoka yangu. Nilipofika "waambieni samaki" mama akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge, na sikujua anacheka au vipi, na mpaka leo sijui.

Kisha akanipiga kofi. Moja, la haki, mkono una udongo wa nyanya. Muuza vitunguu akasema, "Jamani, mtoto wa watu." Mama akamjibu, "Mtoto wangu." Akanifuta shavu kwa kitenge kile kile.

"Nenda ukawaambie na wazee wako. Mimi nimeshaambiwa."

Sikwenda siku ile. Nilikwenda asubuhi yenyewe, kwenye majabali, watu wote wamekusanyika: watano wa bandari, wanne wa maduka, klabu nzima ya walimu imevaa firimbi, na vijana kumi na wawili wa minofu wamesimama pembeni, fito mabegani. Mwenyekiti alikuwa amevaa tai. Kila lori lililopita barabarani aligeuza shingo.

"Mwenyekiti, nina hoja."

"Ngoja kwanza, Katibu. Tumpe robo saa. Barabara ya Geita mbaya."

"Haji. Niliandika mimi."

Nilitegemea kelele. Mwenye duka alisema neno moja la Kisukuma ambalo sitaliandika. Mwalimu akatoa firimbi mdomoni. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akanitazama kama mzigo uliofika bila karatasi.

"Na ya mwaka jana?"

"Ya mwaka jana yake."

"Kwa hiyo mwaka huu hajaleta udhuru."

"Hajaleta."

Nilimwona anazeeka pale pale, maana hakuwa amempoteza baba yangu peke yake. Wa reli na wa posta nao walikuwa wamesimama nyuma ya ile karatasi. Halafu karani akarudi ndani yake.

"Katibu, andika."

"Niandike nini?"

"Andika: Katibu amekiri kughushi udhuru. Ameonywa."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Andika: wasioleta udhuru, mawe yao yameingia mfukoni." Sauti ikakwama. Akakohoa. "Yote. Sote hapa tunajua barua zile nyingine za udhuru tunaandikiana wenyewe kwa wenyewe."

Wazee wakatazama viganja vyao. Mwenye duka akajifanya anakaza mshipi. Kumbe sikuwa peke yangu niliyesoma kazi ile. Mimi nilizidisha tu, nikaandika kwamba mtu anarudi.

Mwenyekiti akaenda ukingoni, akarudi. "Maji hayajakupwa." Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa vijana wa minofu, ambao hawakujua maana yake ila walipenda.

Namba zikachotwa. La saba likatoka mkononi mwa yule kijana. Aliisoma karatasi, akanijia.

"Hili si la mzee wako? Nikabadilishe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kusema lichukuliwe na mtu yeyote lakini si mgeni, au lisichukuliwe na yeyote, lipigwe jua mpaka mwisho wa dunia. Nikasema, "Nenda ukakae, muda unakwenda."

Kila mvuvi anakuwa na shahidi kutoka klabu nyingine wa kupima samaki, na kwa kuwa tulikuwa wengi ghafla, mashahidi wakapungua, Mwenyekiti akaniambia nimshuhudie wa saba. Nikapanda. Miaka yote nilikuwa nakaa nyuma mchangani. Sijawahi kukanyaga pale. Kijana akavua kimya kama mtu wa kanisani. Ukimya ule ulinikera. Samaki walikuja hata hivyo: sato mmoja, wa pili, nikapima, nikaandika, akawaachia kwa mikono miwili, akiinama kabisa, mpaka pua ikaribie maji, kuona mkia ukipotea. Kila mmoja akimwambia, "Haya, kaka."

Mama alikuja saa ya tatu ya mashindano imeanza. Sikumtegemea. Alikuwa na kitenge kizuri na chupa ya chai, akapita katikati ya wavuvi akiamkiwa, akasimama chini ya jabali letu.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

Kijana akasimama. Hakuambiwa. Aliweka ufito chini, akampa mama mkono, akampandisha, na yeye akashuka mchangani. Mama akakaa. Sasa, katiba inasema wazi: mtu asiyesajiliwa akikalia jiwe wakati wa mashindano, mvuvi wa jiwe hilo ametolewa. Mwalimu alikuwa ameshaweka firimbi mdomoni. Akamtazama Mwenyekiti. Mawe yote yakamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akageuka akaanza kuyakagua magugu maji, kwa makini sana, kana kwamba ameagizwa idadi yake.

Mama alikaa labda dakika kumi. Alitazama maji. Alitazama mbele, kisha kulia, kisha kushoto, kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. Nilidhani atasema kitu kuhusu baba.

"Alikuwa anapiga kelele akiwa hapa?"

"Sana."

"Alisema nini?"

"Bei ya sukari. Mpira. Kemia yangu."

"Na mimi?"

Nikatafuta. Nilikuwa na miaka yote ile ya kumwigiza, neno kwa neno, na ningeweza kumtungia kitu kizuri pale pale, kingemtosha mpaka Krismasi.

"Sikumbuki, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaweka kiganja juu ya jabali, akakiondoa haraka. "Linachoma," akasema. "Watu wanakaaje hapa?" Akashuka mwenyewe bila kushikwa, akammiminia kijana chai kwenye kifuniko cha chupa, akamngoja anywe, akachukua kifuniko chake.

"Asante, mama."

"Panda uvue, baba. Umepoteza muda wako kwangu."

Akaondoka kuelekea barabarani. Nadhani aliwaza bado anaweza kufungua meza jioni. Kijana akapanda, akatia chambo, akatupa. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa majina, nikatafuta mstari wa saba, pale nilipoandika kwamba baba yuko safarini baharini, na kalamu ikakaa juu yake bila kuandika. Maji yalikuwa yametulia. Nilitaka mtu apige kelele, yeyote.

"Katibu," kijana akanong'ona bila kugeuka, "zimebaki ngapi?"

Nikatazama saa.

"Arobaini," nikasema, kwa sauti kubwa kabisa, mawe yote yakasikia. "Zimebaki dakika arobaini!"